Mjukuu wa Don Urgente

Mjini kwetu Montecristi, hakuna aliyehitaji kuuliza jinsi mzee Telegrama Urgente Zambrano alivyopata jina lake. Baba yake, msusi wa kofia za majani ya toquilla kama yeye, alipokea telegramu ya haraka kutoka jijini Guayaquil: mfanyabiashara mmoja alizitaka kofia zote alizokuwa nazo. Siku hiyohiyo mkewe akajifungua mtoto wa kiume, na baba kwa furaha akampa mtoto jina la baraka ile kama lilivyoandikwa juu ya karatasi: Telegrama Urgente, yaani Telegramu ya Haraka. Hakuna aliyeshangaa. Dada mkubwa wa mtoto huyo alikuwa anaitwa Luz Eléctrica, maana alizaliwa mtaa ulipopata taa za umeme.

Sisi majirani tulimwita Don Urgente, Bwana Haraka. Kofia yake moja nzuri ilichukua miezi. Aliisuka alfajiri, ameinama, kifua kimeegemea kigogo cha kusukia, kabla jua halijakausha majani yakaanza kukatika. Kwa hiyo utani haukuisha.

"Don Urgente, kofia yangu vipi?"

"Bado."

"Ndiyo haraka hiyo, mzee wangu? Au telegramu imepotea njiani?"

Aliitikia kwa tabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyezoea kutembea na mwiba mguuni. Jeshini, sajini alimkimbiza peke yake uwanjani kila alipoita majina, eti jina limeamuru. Alipokwenda kuposa, mama mkwe alicheka hadi akaketi sakafuni. Hapo ndipo alipoapa kwamba hakuna mtu wa damu yake atakayechekwa tena kwa ajili ya jina. Binti yake wa pekee akamwita Ana. Ana tu.

Ana alipopata mtoto wa kike, mzee alikuwa amekwisha kuchagua: Rosa. Alipomwambia, Ana alitazama chini, akasema, "Tutaona, baba." Mzee aliogopa majina ya kisasa tu, kwa sababu Wilmer, mume wa Ana, alikuwa na wapwa watatu, na wote watatu wanaitwa Britany.

Kwetu msimamizi wa ubatizo ndiye humbeba mtoto, na Padri akiuliza jina, yeye ndiye hujibu. Ana akamwomba baba yake awe msimamizi. Mzee akafurahi kupita kiasi. Kinywa kitakachotaja jina ni chake. Nani angeweza kumzuia?

Jumapili ya ubatizo, mlangoni pa kanisa, mtoto akiwa tayari mikononi mwa babu yake, Ana alimshika mkono.

"Baba, jina tulishaliandikisha."

"Rosa?"

"Hapana."

"Britany! Mungu wangu, wa nne!"

"Telegrama."

Mzee alisimama kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona.

"Rudia."

"Telegrama. Kama wewe."

"Nimekukosea nini, mwanangu? Hata kama nimekukosea, huyu malaika amekosa nini?"

"Baba, darasani tulikuwa akina Ana watano. Mwalimu aliniita Ana wa Dirishani. Nilipokwenda Manta kuomba kazi, yule bwana hakuinua hata macho, mpaka niliposema mimi ni binti wa Telegrama Urgente. Akacheka, kisha akaniletea kiti. Akasema, 'Baba yako alimsukia marehemu babu yangu kofia.'"

"Umesikia mwenyewe! Alicheka!"

"Alicheka, ndiyo. Lakini hajakusahau."

Mzee akatugeukia sisi majirani. "Na nyinyi mlijua?"

Tulitazama viatu vyetu. Mtaa mzima ulijua, kuanzia muuza jibini hadi kinyozi.

"Mimi nilidhani umeambiwa," alisema Luz Eléctrica kwa sauti ndogo.

"Hata wewe, dada!"

"Kama hutaki, baba," Ana alisema, machozi yakimlenga, "mpe mtu mwingine ambebe. Sitakulazimisha."

Mzee hakumpa mtu. Aliingia na mtoto hadi kwenye kisima cha ubatizo, nasi tukamfuata bila kujua atasema nini. Angeweza kusema Rosa, na mbele ya maji yale Ana asingethubutu kubishana naye.

"Jina la mtoto?" Padri aliuliza.

Mzee alimtazama mtoto.

"Don Urgente, jina la mtoto."

"Tele..." Akamtazama Ana. "Telegrama."

Kwenye benchi la mbele, mama yake Wilmer, Doña Mirella wa Guayaquil, ambaye naye hakuwa ameambiwa, alishika kifua. "Yesu na Maria! Mtoto wa watu!" Kisha kicheko kikamtoka puani, akakibana, kikamshinda. Benchi lote la wageni likapasuka.

Mzee akageuka. Maisha yake yote tulimwona akimeza vicheko vya watu.

"Unacheka nini, mama?" Sauti yake iligonga dari. "Hilo ni jina la mjukuu wangu!"

Kicheko kilikatika. Doña Mirella alibaki kinywa wazi. Ana aliziba mdomo kwa viganja viwili. Lakini aliyeshtuka kuliko wote alikuwa mzee mwenyewe: alitazama kulia na kushoto, kana kwamba anamtafuta aliyepiga kelele ndani ya nyumba ya Mungu.

Kisha akamweka mtoto sawa mkononi, akamgeukia Padri, ambaye bado alishikilia chombo cha maji hewani.

"Telegrama, Padri," alisema, safari hii polepole, kila silabi mahali pake. "Mmwagie maji."