Baba Kwenye Benchi la Nyuma

Jumapili iliyopita, kanisani Chapwa, nilimwona mzee mmoja amebaki peke yake benchi la nyuma wakati wenzake wakienda Meza ya Bwana. Nikamkumbuka baba.

Kwetu Mbozi baba alikuwa mzee wa kanisa, na kiti chake kilikuwa mbele, karibu na mchungaji. Jumapili moja alikiacha, akaja kukaa nyuma na sisi watoto. Koti lake lilinuka maganda ya kahawa. Nilidhani amenifuata mimi, nikamwegemea kwa raha.

“Jumapili ijayo utakaa tena hapa?” nikamnong'oneza.

“Nitakaa, mama, mpaka wazee waseme basi.”

Nikafumba macho, nikamwomba Mungu wazee wasiseme.

Sikujua kwamba wiki ile alikuwa amempiga kofi kibarua wetu shambani. Alimwomba radhi, na wazee wenzake wakataka yaishie hapo. Baba akakataa. Wengine walipokosa, yeye ndiye aliyewaambia wakakae nyuma, wasishiriki Meza ya Bwana mpaka wazee wawaruhusu.

Baadaye alirudi mbele, akakaa huko miaka mingi. Lakini kila ninapomshukuru Mungu kwa ajili ya baba, namwona pale nyuma, nimemwegemea.