Kangaga la Ukuta wa Mama Kibe

Mume wangu Okinyi ni mwoga, na nitasema hivyo mbele yake. Anaogopa mbwa wa jirani, anaogopa simu ikilia alfajiri, anaogopa hata kuitwa majina yake yote. Miaka tisa tumekaa chumba cha nyuma kwa Mama Kibe, huku Kitisuru, yeye akitunza bustani, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Lakini ile Februari, aliyekuwa akitetemeka ni mimi.

Nyuma ya jikoni kuna ukuta wa mawe, na kwenye nyufa zake huota majani madogo madogo, hayafiki urefu wa kidole. Mama Kibe huyaita kangaga. Marehemu mumewe aliyatoa kwenye nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, kule Woodley, walikoanzia maisha, akayapachika hapo kwa mkono wake. Kila asubuhi mama wa watu hutoka na kikombe cha chai, akasimama mbele ya ukuta huo, hasemi na mtu. Waridi unaweza kulikata vibaya akanung'unika tu. Ukuta, thubutu! Kitavi, aliyefanya kazi kabla yetu, aliusugua kwa brashi ya chuma akidhani anasafisha. Kufika saa nne alikuwa nje ya geti na godoro lake kichwani. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza tuliyopewa tulipoingia.

Sasa, Mama Kibe akaenda kumtembelea mwanawe ng'ambo, mwezi mzima. Akamwambia Okinyi, "Ukuta usiguse. Hata maji usiweke. Kangaga ikikauka, wacha ikauke." Okinyi akaitikia. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasikia kila neno, lakini moyoni nikasema huyu mama hajawahi kushika jembe.

Jua likawaka. Baada ya wiki mbili kangaga lilikuwa limejikunja lote, kahawia, kavu. Okinyi alikuwa akilitazama asubuhi, mikono nyuma, kisha anaenda zake.

"Baba Vero," nikamwambia, "hiyo kitu imekufa. Akirudi tutalala wapi?"

"Alisema wacha."

Wacha! Mimi nimezaliwa Ugenya kwa watu wa kulima; mmea ukidhoofika unaulisha. Nikamfikiria Vero wetu, mwaka huu anafanya mtihani wa gredi ya tisa pale Kangemi. Nikaona godoro letu nje ya geti, na huyo mtoto amelikalia na vitabu vyake. Hofu ikanishika vibaya. Jumamosi Okinyi alipoenda mazoezi ya kwaya, nikazoa mbolea ya kuku wangu wanane, nikaikoroga na maji, nikaisindilia kwenye kila ufa kwa kidole. Kuanzia hapo nikawa namwagilia kila siku, yeye akiwa mbele anafagia.

Siku ya pili lilifunguka, kijani kabisa! Nikaimba. Siku ya tano likawa jeusi. Siku ya saba lilinuka, na nilipovuta jani moja likaja na mizizi yake yote mkononi mwangu.

Okinyi, ambaye wiki hiyo alikuwa ameacha kulitazama, aliliona Jumatatu. Alikaa chini palepale kwenye kokoto. "Mama Vero," akasema, "tumekwisha." Haki ya Mungu nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, kilichotoka ni, "Labda ni jua." Mwongo mkubwa mimi! Akaniangalia, kisha akauangalia ukuta. Mama Kibe alikuwa anarudi Alhamisi.

Jumanne akaniambia nivae viatu, tunaenda Woodley.

Tulizunguka kati ya zile nyumba za zamani mpaka tukapata ukuta mmoja wa mawe, upande wenye kivuli, na nyufa zake zimejaa majani yaleyale, yamejikunja vilevile. Okinyi akatoa kisu. Mimi nikabaki njiani nikiangalia huku na huku. Ukuta wa wenyewe, mchana kweupe, mwanamume na kisu. Nairobi hii watu wamechomwa moto kwa kosa dogo kuliko hilo. Vijana wawili wakapunguza mwendo, wakatukazia macho.

"Nyinyi! Mnachokora nini hapo?"

Alikuwa mama wa makamo, leso kiunoni, ametokea mlangoni. Kijana mmoja akaokota jiwe. Nilitaka kukimbia. Okinyi, huyu mwoga wangu, akaweka kisu chini, akavua kofia.

"Samahani, mama. Natafuta haya majani. Ya mama ninayemfanyia kazi yamekufa, na bwana yake aliyatoa hizi nyumba. Nikirudi bila, sina kazi, sina pa kulala."

Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini aliyasema yote. Yule mama, Rachael ndilo jina lake, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Hiyo takataka? Ai!" Akawafukuza wale vijana. "Toeni. Lakini mtoe na jiwe lake, hiyo kitu haitaki kuvutwa. Na msiilishe. Mimi hapa hata salamu siipi, na kila mvua inaamka."

Tulirudi na mawe matatu kwenye mfuko wa unga. Okinyi akasugua nyufa kwa mswaki mkuukuu mpaka uozo ukaisha, akayapachika mawe na kuyakaza kwa kokoto. Mbolea ilitoka wapi, hakuniuliza.

Alhamisi Mama Kibe hakuingia hata ndani. Aliacha mizigo barazani akaenda moja kwa moja nyuma. Akatazama muda mrefu.

"Hili si langu," akasema.

"Ni mimi, mama," Okinyi akasema kabla sijameza mate. "Niliweka mbolea, ikaoza. Hii nimetoa Woodley."

Miaka tisa, na huo ndio uongo wa kwanza kumsikia nao. Nami nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, siwafichi. Mama Kibe akainama, akachomoa unyoya mdogo kwenye ufa wa chini.

"Okinyi, tangu lini wewe ukafuga kuku?"

Nikasogea mbele. "Ni mimi, mama! Ni mimi peke yangu. Yeye alikutii." Nikalia kwa sauti, bila haya.

Mama Kibe akaugeuza ule unyoya vidoleni. "Kuku wako wote waondoke leo, Peres. Na wewe Okinyi, ukinidanganya tena, utawafuata." Akaingia ndani, akaomba nimpikie chai.

Mvua ya Machi iliponyesha, kangaga likafunguka lenyewe. Mimi nikiwa na maji ya vyombo, hapo napazunguka mbali.

Lakini ile Alhamisi, tukifunga kuku miguu, nilimwuliza Okinyi alijua lini kuwa ni mimi.

"Jumatatu. Mikono yako ilikuwa inanuka."

"Na mbona hukusema?"

Akamshika kuku wa mwisho, akamfunga taratibu asimuumize. "Ulikuwa unaogopa sana, Mama Vero," akasema. "Nikaona lazima mmoja wetu aache uoga."