Bahasha ya Kipkirui

Ukinitafuta Langas siku ya Jumamosi hunipati. Majirani wameshazoea. Wanajua Mama Mercy siku hiyo yuko Soy kwa shamba lake. Hilo neno "lake" wameanza kulisema mwaka huu, na mimi nikilisikia najifanya sijali, lakini nalisikia vizuri sana. Mahindi yamenifika kiunoni. Napita mstari mmoja baada ya mwingine, wala sina kazi ya kufanya, naangalia tu. Wapita njia wakiniona naongea peke yangu wanadhani nimechanganyikiwa. Wacha wadhani.

Naitwa Chepngetich. Nina miaka arobaini na saba, na katika hiyo, miaka kumi na mmoja nilikuwa na shamba ambalo sikuweza kupanda hata sukuma wiki. Ngoja nieleze, maana watu wa mjini wakisikia una ekari tatu Soy wanakuona tajiri na wanaanza kukuomba nauli.

Mume wangu Kiprono aliugua figo. Hospitali ilitaka pesa na sisi hatukuwa nazo. Kuuza shamba hakutaka hata kusikia, kwa hivyo tukakodisha. Huku kwetu anayekodi shamba hulipa kwanza, kabla trekta haijagusa udongo, na mwenye shida akitaka anapokea miaka mitatu kwa mara moja. Unatia sahihi, unachukua bahasha, unalisahau shamba mpaka miaka iishe. Aliyelikodi ni Mzee Kipkirui, mkulima mkubwa mwenye matrekta mawili na ekari nyingi za watu wengine. Bahasha yote ikaingia hospitali. Kiprono alifariki kabla mahindi ya kwanza ya Kipkirui hayajatoa mbelewele.

Sitamsingizia Kipkirui. Hakuniibia hata shilingi, na alilipa bei ya soko. Shida yake ni kwamba alijua kalenda ya mjane kuliko mjane mwenyewe. Ile miaka mitatu ilipoisha, Januari, shule zikifunguliwa, akaja. Alisema amepita tu kunisalimia. Salamu gani hizo za Januari, zenye bahasha? Nilipokea miaka miwili. Hiyo ikaisha, akaja tena kunisalimia. Nikapokea tena, na tena. Karo ilikuwa inalipwa na mvua ambayo bado haijanyesha, na kila nikimaliza kulipa nilikuwa sina pesa wala sina shamba.

Nilihamia mjini, mtaa wa Langas, chumba kimoja, nikawa nafua nguo za watu mtaa wa Kapsoya. Msimu wa palizi nilikuwa napanda gari narudi Soy kufanya kibarua, kwa sababu huko walilipa kila jioni. Na hivyo ndivyo nilivyojikuta siku moja nimepangwa mstari mmoja na wanawake wengine, jembe mkononi, ndani ya shamba langu mwenyewe. Sikumwambia mtu. Ningewaambia nini?

Mwaka huo Mercy, binti yangu wa pekee, alikuwa na miaka kumi. Mwezi wa Agosti tulikuwa tunatoa magugu marefu yaliyobaki, na mahindi yalikuwa mabichi, yale ya kuchoma. Nikavunja mawili nimpelekee mtoto. Nyapara wetu alikuwa anaitwa Obonyo, mtu wa kazi yake tu, hana ubaya, na hakujua mimi ni nani. Aliniona, akaja polepole, akasema bila kupaza sauti, "Mama, hiyo mahindi iko na mwenyewe. Weka chini."

Nikaweka chini. Yalikuwa yameshavunjika, hayangemfaa mtu tena, lakini niliyaweka chini kwenye udongo wa Kiprono na nikaendelea kung'oa magugu mpaka jioni. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Obonyo. Ilikuwa yangu mimi na sahihi yangu. Nikiwa kwenye gari la kurudi nilijiambia kwamba nitalikomboa shamba hili kwa mikono yangu, hata kama nitalikomboa nikiwa nyanya.

Sasa, kusema ni rahisi. Nitalikomboa na nini?

Mjini kuna mama anaitwa Safia, ana duka la jumla la mchele na sukari. Nilikuwa nafagia kwake asubuhi kabla ya kwenda Kapsoya. Magunia matupu yalikuwa yanarundikwa nje ya mlango wake, mengine yametoboka, na mtu yeyote aliyepita alijichukulia. Nikamuuliza ananiuziaje. Akanicheka, akasema nichukue, atafurahi mlango ukiwa wazi. Nikakataa. Nilimwambia aniuzie, kwa sababu kitu cha bure kesho anapewa mwingine. Akaniangalia kidogo, halafu akataja bei, na tangu siku hiyo hajanicheka tena.

Basi nikawa fundi wa magunia. Nilikuwa nayafua, nayaanika kwenye kamba za ploti mpaka wapangaji wanalalamika, naziba matundu kwa sindano ile kubwa ya gunia, napanga kumi kumi. Vidole vyangu ukivitazama utadhani nimeumwa na panya. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuza mapema. Septemba naona mnunuzi, nauza, nafurahi. Safia ndiye aliyenifunza. Alisema Septemba mkulima bado anafikiria, lakini mahindi yakishakauka na mawingu yakionekana, hapo hafikirii tena, ananunua. Nikajifunza kukalia magunia yangu. Kwa kweli nilikuwa nayakalia, maana chumba chote kilijaa na viti havikuwa na mahali.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa, nausema mwenyewe kabla jirani hajakusimulia. Karibu miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimeweka pesa za kutosha kumwambia Kipkirui hapana. Ilikuwa Novemba. Nikapita mahali wanauza sofa, nikaona seti moja rangi ya maziwa, na moyo wangu ukasema, Chepngetich, na wewe ni mtu. Nikanunua. Mlango wa chumba ilibidi uondolewe ndio ziingie, na zikishaingia hakukuwa na pa kukanyaga. Kulala, mpaka tupande juu ya sofa kwanza. Langas yote ilikuja kukalia. Januari Kipkirui akaja, akakaa vizuri kabisa kwenye hiyo hiyo sofa, akatoa bahasha, na mimi nikaipokea kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Miaka miwili. Nililia siku tatu. Hizo sofa niliziuza kwa hasara.

Miaka hiyo miwili sikununua hata kijiko. Iliisha Desemba iliyopita, mahindi ya Kipkirui yakatoka shambani, na mimi nilikuwa na pesa ya mbegu, mbolea na kulimiwa, ekari zote tatu, nimeitunza. Nilijihesabia nimemaliza. Kumbe siku hizo hizo Mercy akaitwa chuo cha uuguzi, kuripoti mwezi wa Machi. Nilipiga vigelegele mpaka ploti yote ikatoka nje. Halafu nikasoma karatasi ya ada, nikakaa chini.

Pesa niliyokuwa nayo ilitosha kupanda au ilitosha kumpeleka mtoto. Haikutosha vyote viwili.

Kipkirui alikuja wiki ya mwisho ya Januari. Nilijua atakuja, na pikapu yake iliposimama nje nikampangusia kiti. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akauliza habari za Mercy, akampongeza, kwa maana alikuwa ameshasikia. Huyo mzee husikia kila kitu. Mercy akamletea chai. Akanywa nusu kikombe, akaweka bahasha mezani, akasema safari hii ni miaka mitatu, ili mtoto asome mpaka amalize bila mama kuhangaika. Alilisema kwa upole kabisa. Kama angekuwa na ukali ningemfukuza.

Niliitazama ile bahasha. Ilikuwa nene. Mercy alikuwa amesimama mlangoni na trei, akaniambia, "Mama, mimi naweza kungoja Septemba. Wewe panda."

Nakwambia, nilikasirika. Si kwa mtoto, masikini, yeye alikuwa ananipa kitu alichokuwa nacho. Nilikasirika kwamba imefika mahali mtoto wangu anajitoa mwenyewe ili mimi nipate shamba, na mimi nikitoa shamba ndio yeye apate shule, na kila mtu akitoa, mzee yule anamaliza chai yake na kwenda nyumbani. Nikamwambia Mercy hakuna mtu atakayengoja kitu katika nyumba hii. Nilisema hivyo bila kujua kitafuatwa na nini.

Macho yangu yakaenda ukutani. Ukutani kulikuwa na magunia, kama kawaida, yamepangwa mpaka juu. Nikamuuliza Kipkirui mwaka huu analima ekari ngapi. Akasema arobaini, na zangu tatu zikiwamo. Nikamwambia atoe hizo tatu, halafu aniambie msimu uliopita alinunua magunia wapi na kwa bei gani. Hapo uso ukambadilika, maana Novemba iliyopita magunia yalikuwa yameadimika na alinunua kwa bei ya kulia. Alikuwa amenunua mengine kutoka kwa mtu aliyeyanunua kwangu.

"Mzee," nikamwambia, "shamba halikodishwi. Lakini nina kitu kingine cha kukuuzia. Magunia mia nane, mazima, nitakuletea mwisho wa Oktoba mpaka ghalani kwako. Bei ya leo, si bei ya Novemba. Ila ulipe leo, kama ulivyozoea kulipa shamba."

Alisema yeye hanunui magunia Januari, hakuna mtu anayenunua magunia Januari. Nikamwambia hakuna mtu anayenunua mvua Januari pia, na yeye amenunua yangu miaka kumi na mmoja. Mercy aligeuka upande wa pili, nafikiri alikuwa anacheka. Mzee akainuka, akayashika magunia, akavuta mshono kwa nguvu zake zote, mara moja, mara mbili. Haukuachia. Nilikuwa nimeushona mimi, ungeachiaje?

Akaketi tena, akafungua bahasha, akatoa sehemu, akarudisha iliyobaki mfukoni. Tukaandikiana karatasi, na safari hii mimi ndiye niliyeandika, yeye akatia sahihi. Alipokuwa anaondoka aliniuliza nitalimiwa na nani. Nikamwambia trekta yake, kama bei ni nzuri. Alicheka, mzee wa watu, na bei haikuwa mbaya.

Machi nikampeleka Mercy chuoni, sanduku kichwani. Tulipanga foleni kwenye dirisha la usajili, akapewa fomu ya kujaza, akaegemea ukuta akawa anaandika. Mimi huwa sisomi fomu zake. Tangu darasa la kwanza kuna pale wanapouliza kazi ya mzazi, na tangu darasa la kwanza tumekuwa tukiandika kibarua, wala hakuna aliyewahi kushtuka. Siku hiyo sijui kwa nini nikachungulia. Alikuwa ameandika mkulima.

Nikamwambia afute. Nilimkumbusha kwamba mvua bado, kwamba trekta haijaingia, kwamba mbegu zenyewe ziko Langas chini ya kitanda na panya wanaweza kuwa wameshaanza kula. Huwezi kumwandikia mtu kazi ambayo hajaifanya.

Mercy hakuniangalia hata. Alimaliza kuandika tarehe, akatia sahihi yake. "Shamba ni la nani?" akaniuliza.

"Langu," nikasema.

Akapitisha fomu dirishani. Karani akaisoma juu mpaka chini, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.