Delta Juu ya Ubao wa Kituoni

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilirudi nyumbani Bomet nikiwa nimelewa somo moja tu: delta, ile nchi ya udongo ambayo mto huijenga unapoingia ziwani au baharini. Sikuweza kunyamaza. Nadhani hata ng'ombe wetu walijua kwamba mto mkubwa ukimwaga udongo kwa miaka na miaka, uzito wake huliinamisha ganda la dunia.

Nikamkuta baba ameamua kung'oa nyasi zote za napier zilizoshika udongo wa ukingo wa mto, apande viazi hadi majini. Wafanyakazi wangefika kesho yake. Nilipompinga, alinijibu bila wasiwasi: "Udongo iende tu. Ziwa itajaa, mto ikose mahali pa kumwaga, halafu udongo ibaki kwangu."

Nilikasirika, kisha nikafurahi kupita kiasi, maana jibu la hilo nililijua.

Alasiri hiyo tulikuwa kituoni wanakopimia majani chai, sisi na wakulima wengine, tukingoja lori. Kulikuwa na ubao mrefu, mwembamba, juu ya mawe mawili, ncha zake zikipita mawe. Nikamwomba baba aweke kiganja juu ya ncha moja. Kisha nikamketisha mama mmoja katikati, ndiye udongo wa kwanza. Nikaita wa pili na wa tatu. Ubao ukapinda, wakaelemeana wakicheka, na ncha ikakiinua kiganja cha baba. Shangazi yangu, mnene na anayejivunia unene wake, akajitupa katikati yao.

"Delta imefika," akasema.

Karani wa mizani aliacha kazi yake kuja kutazama. Mimi nilicheka hadi machozi.

Baba hakucheka. "Kwa hivyo wakiongezeka, nafasi inaongezeka?"

"Ndiyo, baba. Chini kunazama, udongo mwingine unapata mahali."

"Basi hiyo ziwa haiwezi kushiba."

Sikumwambia kwamba mto wetu ni mdogo mno kuiinamisha dunia. Furaha ilinizidi, Mungu anisamehe.

Alikiondoa kiganja taratibu. "Pale chini kwa mto baba yangu alikuwa analima wimbi, saa hii ni mawe. Mimi nimekuwa nikingoja hiyo udongo irudi."

Kicheko kiliniishia. Nikamwambia haurudi.

Akatoa simu, akampigia msimamizi wa wafanyakazi. "Kesho msikuje na jembe ya kung'oa," akasema. "Mukuje na mbegu ya napier. Tunaongeza."