Kabula na Mwingereza Aliyetozwa Ng'ombe

Habari hii mtaikataa. Mkishaisoma mtasema aliyeiandika alikuwa amekunywa. Semeni, lakini someni kwanza.

Kabula binti Malale, wa hapa Kasansa, anasoma chuo kikuu Dar es Salaam. Hasomei udaktari wala sheria. Anasomea fasihi ya Kiingereza, yaani anasoma habari za watu ambao hawakuwahi kuwepo, kisha anajaza kurasa kueleza kwa nini walifanya walichofanya. Akili hiyo kairithi ujombani, kwa mjomba wake Masunga, aliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kumfundisha.

Alipomaliza mwaka wa pili akarudi likizo. Baba yake, Mzee Malale, akamwacha anawe mikono, amalize ugali, ndipo akamwambia:

"Kabula, nimeulizia. Chuo cha mifugo wanapokea watu. Hayo ya hadithi yaache. Bibi yako alikuwa anatoa hadithi bure, na Dar hakuwahi kufika."

"Baba, umebaki mwaka mmoja tu."

"Ndama wangu akiugua, utamsomea hadithi?"

Mama yake akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Kabula hakucheka. Alimjua baba yake: neno akishalisema mbele ya wazee halirudi tena, na wazee walikuwa wameshaitwa, waje Jumapili.

Wakaja. Masunga naye alikuwepo, maana hapa Kasansa jambo la maana haliendi bila yeye. Kabla Malale hajafungua mdomo, Mzee Machibya, mkubwa wa sungusungu wanaolinda kijiji, akauliza, kwa heshima tu:

"Binti, hebu tuonje kidogo. Hicho unachosoma ni nini hasa?"

Kabula akawapa riwaya aliyokuwa anaiandikia kazi ya chuo. Akaisimulia kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipomwishia akaingiza Kisukuma. Kijiji cha Uingereza, baridi ya kukata masikio. Banda la mjane linashika moto, mjane anapiga kelele. Jirani yake, mkulima mmoja, anasikia. Anavuta blanketi, anajifunika kichwa.

"Ngoja," akasema Machibya. "Huyo amesikia mwano?"

Mwano ni yowe la hatari. Msukuma akilisikia, hata kama yuko bafuni na povu kichwani, anatoka na fimbo yake. Asiyetoka anatozwa ng'ombe, na mpaka alipe hakuna wa kumsalimia wala wa kumgawia moto wa jikoni.

"Amesikia, mzee. Alisikiliza mpaka kelele zikaisha."

"Akatozwa nini?"

"Hakutozwa kitu. Kule hawana..."

Uwanja ukachafuka. "Kijiji gani hicho?" akafoka Hezron wa mashine ya kusaga. "Mwenyekiti wao nani?" Kabula akasema jamani, ni mtu wa kutungwa tu. Nani amsikilize? Shauri likafunguliwa palepale, na Mwingereza ambaye hata kuzaliwa hajazaliwa akatozwa dume la ng'ombe.

"Mnamwonea," akasema Kabula.

Akasimama, akapiga goti kidogo kwa adabu, kisha akawavaa.

"Hamjasikia yote, wazee wangu. Tangu mwanzo wa kitabu, huyu mtu mkono wake wa kushoto uko mfukoni. Kanisani, mfukoni. Sokoni, mfukoni. Kwa nini? Uliungua. Utotoni nyumba yao ilishika moto, akashindwa kumtoa mdogo wake. Mwandishi hasemi popote kwamba anaogopa moto. Anatuonyesha mkono, tujionee wenyewe."

Mzee Malale, ambaye muda wote alikuwa anachora chini na fimbo, akainua uso. "Na yule mjane, alimsamehe?"

"Darasani tunabishana. Mimi nasema hapana. Kila asubuhi anamwekea maziwa kizingitini pake, lakini mlango hamfungulii."

"Huko ndiko kusamehe! Adui humpi maziwa!"

"Baba, maziwa anampa hata paka. Jina la huyo jirani hajalitamka tena mpaka kitabu kinaisha. Huko ndiko kusamehe?"

Wakakabana, baba na binti, mpaka kuku wa wageni akapoa kwenye sahani. Machibya, moyo ukiwa umelainika, akapunguza faini ya Mwingereza ikawa mbuzi. Hapo Malale akaweka fimbo chini.

"Wazee, niliwaita kwa neno jingine. Neno hilo nimelimeza. Huyu arudi akamalize. Kama anaweza kumtetea asiyekuwepo mpaka faini ikashuka, siku mkinishtaki mimi nitamtaka awe upande gani?"

Basi chuo kilipofunguliwa, mjomba wake akamsindikiza kwa basi hadi Mpanda kupanda treni. Na sifa zake zilishatangulia! Basi likiingia mbuga ya Katavi twiga wakaacha kula, tembo wakapisha njia, na pale Sitalike viboko wote wakatoka mtoni, wakajipanga mstari mmoja, na yule mkubwa wao akafungua domo lake aka...

"Mjomba, futa hapo," akadakia Kabula, aliyekuwa amerudi likizo tena, anasomea juu ya bega la mwandishi. "Viboko walikuwa wamelala. Na wewe ulikuwa umelala begani kwangu tangu Kibaoni, udenda mpaka kwenye gauni."