Singe ya Babu Kilonzo

Tulikuwa nyumbani Kola: babu yangu Kilonzo, ndugu yake Ndunda, susu wangu Nduku, yaani nyanya, na Mzee Abdalla wa mjini, aliyekusanya vitu vya vita. Na mimi, mtoto mdogo, nimekaa chini. Juzi niliona singe kwa simu ya mjukuu wangu, nikasikia tena harufu ya mafuta ya taa.

Babu alisema ile singe, kisu cha mdomoni mwa bunduki, alirudi nayo kutoka vitani. Ndunda alimcheka.

"Vita gani, Kilonzo? Hiyo ulifuliwa na mhunzi wa Muthetheni!"

Watu walimwamini Ndunda, maana susu alichimbia viazi nayo na ilikuwa kutu tupu.

Abdalla aliipaka mafuta ya taa, akaisugua polepole, akaisogeza karibu na jicho. Mimi nilidhani ni mgonjwa anatibiwa, nikaogopa kuuliza kama itapona. Akabonyeza kitufe cha kwenye mpini. Kimya. Akabonyeza tena: ka! Kikaingia, kikaruka nje, nami nikapiga kelele.

"Mhunzi gani anaweka springi?" Abdalla akauliza. Chini ya kutu ikatokea alama ya taji la mfalme. Mimi niliona boga. "Hii ni ya jeshi, Mzee Kilonzo. Ya kweli kabisa! Nipe niiweke kabatini na zingine."

Babu aliruka kwa furaha kama kijana. Susu akatokea jikoni.

"Na viazi nitachimba na ulimi wa Ndunda?"

Ndunda akaondoka bila kuaga. Kama wewe ni wa nyumba ya Abdalla na ulisikia kisa hiki vingine, kuja uniambie.