Hatua ya Kwanza ya Nyambura

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kurefuka. Nilikuwa mfupi kuliko wote darasani. Tuliishi Kiganjo, karibu na chuo cha polisi, na kila asubuhi makurutu walipita barabarani wakikimbia na kuimba, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba siku moja nitakimbia nao. Lakini kila mtoto wa Kiganjo alijua kwamba polisi hupimwa urefu kabla hata ya kuulizwa jina. Basi nilimaliza ugali wangu wote, nikaning'inia kwenye tawi la mparachichi mpaka viganja vikawaka moto, na kila Jumamosi nikajipima kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni.

Nililelewa na Cucu, mama yake baba, kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi Nakuru. Mwaka huo Tata Wangari, dada yake baba, alikuja kukaa nasi akiwa na mimba ya miezi saba. Mumewe aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Timau, na Cucu alitaka mtoto yule wa kwanza azaliwe karibu naye. Tata alikuwa mrembo, tena alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau lolote kati ya hayo mawili.

Sasa, kwetu kuna jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Ukiwa umekaa umenyoosha miguu, mtu akakuruka, hutakua tena. Dawa yake ni moja, na anayo yule yule aliyekuruka: arudi kwa njia ile ile, akuruke kuelekea alikotoka. Shuleni tulilazimishana, na aliyekataa kurudi alipigwa makofi na darasa zima.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa juu ya gunia nje ya jikoni, miguu nimeinyoosha, napukuchua mahindi. Tata akatoka na beseni la nguo. Kunizunguka kulitaka hatua nne au tano hivi. Aliona uvivu, akainua gauni, akaniruka.

"Tata, rudi!" nilipiga kelele. "Rudia hapo hapo!"

"Ati nirudi? Na hii tumbo?"

"Umeniruka! Sitakua!"

"Kwani ukikuwa mrefu utafanyia nini hiyo urefu? Mimi nimeokoka, Muthoni. Hiyo mambo ya shetani usiniletee."

Cucu alitoka jikoni akifuta mikono. "Wangari, rudia mtoto. Itakutoa nini?"

"Kesho, mama," alisema Tata, akaendelea kuanika nguo. Nilimfuata kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku ya juma lile, nikijilaza njiani miguu imenyooka, naye akanizunguka huku akicheka. Hatua zile nne alizozionea uvivu siku ile ya kwanza sasa alizipiga kwa furaha. Halafu akanipa jina: Kanini, yaani kadogo. Aliwafundisha wenzangu waliopita kunichukua twende shule, na jina hilo lilinifuata mpaka darasa la nane. Jumamosi tatu mfululizo alama ya mkaa ilibaki palepale, na hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba hakuna mtoto anayeweza kuonekana amekua kwa majuma matatu.

Nilimchukia. Sisemi nilimkasirikia, hasira huja na kwenda. Nilikuwa nikilala nikimchukia na kuamka nikiendelea pale nilipoachia.

Silaha nililetewa na wanawake waliokuja kumwona Cucu. Walikuwa wakinywa chai, mmoja akamwonya Tata achunge moyo wake, kwa sababu mjamzito akimchukia mtu, mtoto hutoka na sura ya mtu huyo huyo. Walitaja mifano, watoto wa majirani waliofanana na mawifi na mama wakwe. Nilisikiliza nikiwa nyuma ya mlango, nikaelewa kazi yangu. Ningemfanya Tata anichukie mpaka mtoto wake atoke na uso wangu na miguu yangu mifupi, aamke nao na alale nao.

Nilianza kesho yake. Nilitia chumvi kwenye uji wake. Alikuwa akitamani odowa, yale mawe laini wanayouziwa wajawazito sokoni. Niliyakuta kwenye mfuko chini ya kitanda chake, nikayatupa yote chooni, akalia kama aliyefiwa. Nilipogundua kwamba harufu ya mafuta ya taa inamtapisha, nilijipaka kidogo kwenye sweta kila asubuhi. Kisha, ili uso wangu uingie vizuri, nilisimama mbele yake nikamkazia macho, na nikikumbuka niliinama nikapiga kelele karibu na tumbo lenyewe: "Ni mimi! Muthoni!"

"Toka hapa!" alinifukuza siku moja kwa mwiko. "Sitaki kuona hii sura yako! Sitaki!"

Usiku ule nililala fofofo.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Kwa desturi alipewa jina la mama mkwe wake Tata, akaitwa Nyambura. Wanawake walipokuja kumwona, yule wa kwanza kumfunua alirudi nyuma. "Ngai! Si huyu ni Muthoni?" Wakakusanyika. Paji la uso langu, masikio yangu, hata kidole kikubwa cha mguu kilichopinda kama changu. "Jina ya huko, sura ya hapa," akasema mwingine, wakacheka sana. Tata aligeuza uso ukutani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na sijapata kuonja ushindi mtamu kama ule hata siku nilipofaulu mtihani wa uuguzi.

Ndiyo, leo mimi ni muuguzi, kwenye kliniki ya mama na mtoto, na najua jinsi mambo yalivyo. Uso wa mtoto huumbwa mapema mno, kabla hata majirani hawajaanza kulitazama tumbo kwa kushuku. Nilipoanza vita vyangu Nyambura alikwisha kuwa na pua, midomo na masikio yake. Nilichelewa kwa miezi mingi. Sura ile ilikuwa ya Cucu, imenijia mimi kupitia baba na imemjia Nyambura kupitia kwa mama yake. Lakini mtoto wa miezi saba tumboni anasikia. Ikiwa kuna kitu nilimpa kwa kelele zangu zote, ni sauti. Tangu siku alipoletwa nyumbani, akilia, nikisema neno lolote alinyamaza, akageuza kichwa kunitafuta.

Tata hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Hakulipenda, lakini alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua huko huko Timau, na hapakuwa na wa kubaki na mtoto. Nyambura alipofika miezi sita, Tata alimwachia Cucu, akaenda. Cucu alikuwa na magoti mabovu. Kwa hiyo mgongo uliombeba Nyambura kila jioni baada ya shule ni huu wangu, na jino lake la kwanza nililigundua mimi, likaning'ata kidole. Nilimpenda. Kumpenda hakukupunguza hata chembe ya chuki yangu kwa mama yake. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kwa vyote viwili.

Tata alikuja Krismasi. Nyambura alikuwa akitambaa na kusimama akishika viti. Tata alijaribu kumtembeza siku zote tatu za ruhusa yake, akimshika mikono, akimwimbia. "Itakuwa karibu," alisema akiondoka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Muthoni, akitembea uniambie. Tafadhali. Siku hiyo hiyo."

Nyambura alitembea juma lile shule zilipofunguliwa. Nilikuwa nafua sare. Aliachia ukingo wa karai, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akaniangukia mapajani akiwa amejaa kicheko. Hakukuwa na mwingine aliyeiona.

Jumapili Tata akapiga simu, kama kawaida yake akitoka kanisani. Cucu alikuwa mzito wa masikio, simu zote nilipokea mimi.

"Ametembea?"

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka lenyewe. "Bado, Tata."

Nilisikia akishusha pumzi. Nilihisi joto zuri kifuani. Jumapili iliyofuata alipouliza tena, nilikuwa nimeshajiandaa. "Bado." Na iliyofuata. Siku ya Wapendanao ya Februari ilikuwa inakaribia, maua yalikuwa yakihitajika sana huko yanakouzwa, na shambani hakuna aliyepewa ruhusa. Kila Jumapili sauti yake ilizidi kupungua. Jumapili ya tano hakuuliza kuhusu kutembea. Aliuliza jambo lingine, polepole, na nadhani alikuwa amejificha mahali ili wenzake wasimsikie.

"Muthoni, niambie ukweli. Ama ni juu ya vile nilikuruka?"

Yule aliyeokoka. Yule aliyeniita Kanini mbele ya wenzangu. Nilimtazama Nyambura, aliyekuwa akipita uani akimfukuza kuku.

"Sijui, Tata," nilisema. "Labda."

Alikuja katikati ya juma lililofuata, bila kuaga kazini, na kazi ile aliipoteza. Nilikuwa uani nikimenya viazi. Nyambura alikuwa karibu na lango, amesimama wima, ameshika kijiti. Tata alisimama na begi lake begani. Nyambura alimtazama, hakumtambua, akageuka, akatembea uwanja mzima mpaka kwangu na kuishika sketi yangu.

"Tangu lini?" Tata aliuliza.

Cucu ndiye aliyejibu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Huyu? Tangu shule ifunguliwe. Kwani hukujua?"

Nilijiandaa kupigwa. Nilitaka anipige. Yeye alikaa chini kwenye nyasi, begi bado begani, akalia bila kujifunika uso. Nilifurahi. Nitasema ukweli, nilifurahi kabisa, kwa muda wa kama kumenya kiazi kimoja. Kisha nikaona aibu, nayo haikuifukuza furaha, zikakaa pamoja.

Jioni Cucu aliniita jikoni. Hakunichapa. "Kurukwa kuko na dawa," alisema. "Hii umefanya sijui dawa yake." Hakulitaja tena mpaka alipokufa, na siri ikabaki kati yangu na Tata, ambaye alikuwa amemchukua mtoto wake akarudi Timau, akapata kazi kwenye shamba jingine la maua.

Nilirefuka nikiwa na miaka kumi na minne, ghafla, hadi mikono ya sweta ikanifikia viwikoni. Leo Tata ananifika begani. Tukikutana kwenye harusi na mazishi tunasalimiana vizuri, "Tata, habari ya Timau," "Ni njema, Muthoni," basi. Sijawahi kumwomba msamaha. Kila nikijiandaa, yule mtoto wa miaka minane anafika mdomoni kabla yangu.

Mwaka huu Nyambura mwenyewe amejifungua. Tulikwenda Timau kumwona mtoto, wanawake kama kumi, na vyungu vya uji na khanga mpya. Mazungumzo yakawa yale yale ya siku zote: nani alitambaa lini, nani alichelewa kuota meno. Mmoja akamuuliza Tata, na huyu wako je?

Tata aliweka kikombe chini. "Nyambura alinisubiri," alisema. "Nilikuwa kazi, mbali. Siku nilifika Kiganjo, nikiwa hapo kwa lango tu, ndio alianza kutembea. Siku hiyo hiyo."

Wanawake wakafurahi. Nyambura, akiwa na mtoto kifuani, akanigeukia. "Ni ukweli? Si wewe ulikuwa hapo?"

Tata hakunitazama. Aliangalia mikono yake iliyopasuka kwa miaka ya miiba ya mawaridi, na nikaona amekwisha kujiweka tayari kuumizwa. Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, na nakiri ulikuwa mtamu bado. Ningeweza kumnyang'anya mara ya pili, mbele ya watu kumi na mbele ya bintiye.

"Ni ukweli," nilisema. "Mimi niliona. Alitembea akienda kwa mama yake."

Tata aliinua kikombe, akakosa mdomo, chai ikamwagika kidogo kwenye khanga yake. Hakuna aliyejali. Sikusema vile kwa sababu nimemsamehe. Sijui kama nimemsamehe. Lakini hatua ile ilikuwa yake, na nilikuwa nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini.